Intaneti ya nyumbani inapogoma kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wiki, hasa kutoka kwa watu walionunua laptopu ya mtumba, wakaweka Ubuntu au Linux Mint, kisha wakakwama kwenye Wi-Fi. Amri nyingi zilizomo zinafanya kazi kwenye Ubuntu, Mint na Debian zinazotumia NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Kwenye Fedora nyingi ni zilezile, isipokuwa za kusakinisha vifurushi vya programu. Kila unapoona `wlp2s0`, weka jina la kadi yako mwenyewe. Utalipata kwa `ip a`.

## Kabla ya kugusa chochote

1. Intaneti imekata. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua imekatikia wapi. Mawasiliano yako hupita vituo vinne: kadi ya mtandao ndani ya kompyuta, ruta, mtoa huduma, kisha DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kituo cha nyuma kikifa, vya mbele yake vyote huonekana vimekufa hata kama ni vizima. Ndiyo maana watu hubadilisha DNS wakati waya umechomoka, au humpigia mtoa huduma wakati swichi ya Wi-Fi kwenye laptopu imezimwa.

Fungua terminali (Ctrl+Alt+T), andika hizi moja baada ya nyingine:

```
ip a
ip route
ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 wikipedia.org
```

Ya kwanza inaonyesha kama kadi ipo na kama imepewa anwani. Kwenye ya pili tafuta mstari unaoanza na `default via`: namba inayofuata ndiyo anwani ya ruta yako, na ndiyo ya kuweka kwenye amri ya tatu. Amri za `ping` huuliza kama anwani fulani inajibu; 1.1.1.1 ni anwani iliyo nje, kwenye intaneti. Ruta nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ila za Huawei mara nyingi ni 192.168.100.1 kwa faiba na 192.168.8.1 kwa zile za laini ya simu.

Kadi isipoonekana, nenda swali la 5. Ipo lakini haina anwani, swali la 8. Ruta inajibu ila 1.1.1.1 haijibu, swali la 3. Ikiwa 1.1.1.1 inajibu na wikipedia.org haijibu, swali la 10. Zote zikijibu na kivinjari bado kinagoma, soma la 11 na la 12.

2. Simu inaingia mtandaoni, kompyuta haiingii. Si ina maana Linux ndiyo yenye tatizo?

Hakikisha kwanza kwamba simu inapita kwenye ruta kweli. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye bando lake kimyakimya, na alama ya Wi-Fi hubaki palepale juu. Zima data ya simu, kisha fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua. Ikifunguka, ruta na mtoa huduma wako sawa, na kazi iko kwenye kompyuta. Isipofunguka, Linux haihusiki.

3. Ruta inajibu lakini nje hakuna kitu. Taa zinasema nini?

Kwa faiba, angalia taa mbili: PON na LOS. PON ikiwaka bila kupepesa na LOS imezima, mwanga unafika. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na hakuna amri ya Linux itakayosaidia. Fuata waya kwa macho kutoka ukutani mpaka kwenye ruta. Ndani yake ni kioo, na ukikunjwa kwa kona kali, ukibanwa na mguu wa kochi au ukitafunwa na panya, mwanga hupungua au hupotea. Unyooshe taratibu. Usichomoe ncha na kuipangusa kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuziba mwanga.

Kwa ruta za laini ya simu, swali la kwanza ni bando. Likiisha, ruta hubaki imeunganishwa na mnara, Wi-Fi inawaka, kila kitu kinaonekana kizima. Jaribu kufungua tovuti isiyo na usimbaji kama `http://neverssl.com`, mitandao mingi itakuonyesha ukurasa wa kununua bando. Amri `nmcli networking connectivity` nayo husaidia: ikijibu `portal`, kuna ukurasa unakusubiri uingie au ulipie.

Ukimpigia mtoa huduma, usianze kwa kusema unatumia Linux. Mhudumu anaweza kukujibu kwamba hawaihudumii, na mazungumzo yakaishia hapo. Sema vitu anavyoweza kuvishughulikia: "Taa ya LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi, nimezima na kuwasha, na vifaa vyote nyumbani havina intaneti."

4. Nibonyeze kile kitundu cha reset nyuma ya ruta?

Hapana. Nasisitiza kwa sababu ndilo kosa linalogeuza tatizo la dakika kumi kuwa la siku nne.

Kuzima na kuwasha ni jambo moja: chomoa waya wa umeme, hesabu sekunde 30, rudisha, subiri dakika tatu. Halifuti chochote, na lifanye bila woga. Kitundu cha reset ni jambo jingine kabisa. Ukikibonyeza na pini mpaka taa zote zizime, ruta inarudi ilivyotoka kiwandani, na inapoteza jina la mtumiaji na nywila ya PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma) ambavyo fundi aliviingiza siku ya kufunga, pamoja na namba ya VLAN (inayotenga mtandao wako ndani ya laini ya mtoa huduma) kama ipo. Wewe huna karatasi ya vitu hivyo. Mara nyingi hata fundi hana, hadi aulize ofisini.

Mama mmoja mtaani kwetu alikaa siku nne bila mtandao baada ya kijana wake kubonyeza kitundu hicho. Tatizo la awali lilikuwa malipo ya mwezi tu, yalikuwa yamepita tarehe. Alilipa jioni ileile, lakini ruta haikuwa tena na cha kujitambulisha kwa mtoa huduma.

Ukipata nafasi leo, wakati mtandao uko vizuri, ingia kwenye ukurasa wa ruta na uchukue nakala ya mipangilio. Ruta nyingi zina kitufe cha kuihifadhi kama faili.

## Kadi ya Wi-Fi haionekani

5. Baada ya kuweka Linux, alama ya Wi-Fi haipo kabisa.

Andika `rfkill list`. Ukiona `Soft blocked: yes`, imezimwa kwa programu: `rfkill unblock wifi` inaifungua. Ukiona `Hard blocked: yes`, imezimwa kwa kitufe au swichi iliyo kwenye mwili wa laptopu. Laptopu nyingi za zamani zina kiswichi kidogo ubavuni au mbele ambacho hujisogeza chenyewe ikiwa kwenye begi.

Kama rfkill haioneshi kadi yoyote, uliza kompyuta ina nini ndani:

```
lspci -nnk | grep -iA3 net
```

Chini ya kadi ya Wi-Fi unatakiwa kuona mstari `Kernel driver in use`. Usipokuwepo, kadi ipo lakini haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Adapta za kuchomeka hutazamwa kwa `lsusb`.

Kadi za Intel ndizo zinazosumbua kidogo zaidi. Draiva yake, `iwlwifi`, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na inahitaji tu faili za fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Broadcom ndiyo inayowaliza wengi wenye laptopu za mtumba. BCM43142, kwa mfano, inahitaji draiva ya kiwanda: kwenye Ubuntu na Mint ni `sudo apt install bcmwl-kernel-source`, kwenye Debian ni `broadcom-sta-dkms`. Kisha washa upya.

Debian za zamani hazikuwa na fimwea zisizo huria kwenye diski ya kusakinishia. Kuanzia Debian 12, iliyotoka Juni 2023, zimo. Kama ulishauriwa kuikwepa Debian kwa sababu hiyo, ushauri huo umepitwa na wakati. Kujua kama fimwea ndiyo inayokosekana, soma `sudo dmesg | grep -i firmware`.

6. Draiva inataka intaneti, na intaneti inataka draiva. Natokaje hapo?

Kwa waya wa kuchajia simu. Unganisha simu na kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kushiriki mtandao, washa kushiriki kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya waya bila kusakinisha chochote, na baada ya sekunde chache unapata intaneti. Simu nyingi za Android zikiwa kwenye Wi-Fi hupitisha hiyohiyo Wi-Fi kwenye waya, kwa hiyo hata bando halitumiki. Waya usiwe wa chaji pekee; lazima uwe unapitisha data.

Njia nyingine ni waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta, kama laptopu yako ina tundu lake.

7. Wi-Fi hupotea kila nikitoka Windows na kuingia Linux.

Windows haikuzima kweli. Kipengele chake cha kuwaka haraka huilaza kompyuta nusu usingizi, na kadi hubaki katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Kizime kwenye mipangilio ya nishati ya Windows. Kwa mara moja tu, zima Windows kwa amri `shutdown /s /t 0`.

## Imeunganishwa, lakini haifanyi kazi

8. Kadi haina anwani, au ina anwani inayoanza na 169.254.

Kompyuta iliomba anwani kwa ruta ikakosa jibu. Namba za 169.254 ni za kujipa mwenyewe. Hazifiki popote nje ya nyumba. Jaribu kuomba upya:

```
nmcli device disconnect wlp2s0
nmcli device connect wlp2s0
```

Ikigoma tena, jaribu kifaa kingine. Nacho kikikosa anwani, zima na uwashe ruta kama ilivyoelezwa kwenye swali la 4. Kama ni kompyuta yako peke yake, angalia kwenye ukurasa wa ruta kama kuna kizuizi cha MAC (namba ya utambulisho wa kadi) au kikomo cha idadi ya vifaa. Ruta ndogo za laini ya simu huwa na kikomo hicho, na nyumba yenye watoto hukifikia upesi.

Kuna kisa kimoja kinachochanganya hata mafundi. Mtu amechukua ruta ya zamani akaichomeka kwenye ruta mpya ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Sasa kuna ruta mbili zinazogawa anwani, na kompyuta ikichukua ya ile ya zamani, inaelekezwa mahali pasipo na intaneti. Leo inakubali, kesho inakataa. Dalili iko kwenye `ip route`: namba baada ya `default via` siyo ya ruta yako kuu. Dawa ni kuingia kwenye ruta ya zamani na kuzima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), kisha kuipa anwani isiyogongana na ya ile kuu.

9. Inakataa nywila, na nina hakika ni sahihi.

Futa kumbukumbu ya zamani kwanza, hasa kama nywila ilibadilishwa karibuni:

```
nmcli connection delete "Jina la Wi-Fi"
nmcli --ask device wifi connect "Jina la Wi-Fi"
```

Kama bado, tazama aina ya ulinzi kwenye ruta. Ikiwekwa WPA3 peke yake, kadi za zamani haziwezi kuingia, na draiva ya Broadcom iliyotajwa kwenye swali la 5 ni mojawapo ya zisizoiweza. Chagua hali inayochanganya WPA2 na WPA3. Usishuke hadi WEP, ulinzi wa kale na dhaifu, kwa ajili ya kadi; nunua adapta nyingine.

10. 1.1.1.1 inajibu, lakini hakuna tovuti inayofunguka.

Njia ni nzima, ila kompyuta haijui majina. Ruta au mtoa huduma amekupa DNS isiyofanya kazi. Andika `resolvectl status` uone ni ipi inatumika. Usishtuke ukiona 127.0.0.53 ndani ya `/etc/resolv.conf`; hiyo ni huduma ya ndani ya kompyuta yenyewe na ni kawaida kwenye Ubuntu. Wala usiihariri faili hiyo kwa mkono. Wengi wanashauri hivyo, na kweli inafanya kazi hadi ukiwasha upya, kisha mabadiliko yanafutika. Badilisha kwenye NetworkManager:

```
nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" ipv4.dns "1.1.1.1 9.9.9.9"
nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Jina la Wi-Fi"
```

1.1.1.1 ni ya Cloudflare, 9.9.9.9 ya Quad9, 8.8.8.8 ya Google nayo inafaa. Kama hivi karibuni ulitumia VPN (njia ya siri inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) na ilifungwa vibaya, huenda imeacha DNS yake nyuma. Iunganishe tena na uikate vizuri kabla ya kubadilisha chochote.

11. Baadhi ya tovuti zinafunguka, nyingine zinazunguka tu bila mwisho.

Kuna sababu mbili ambazo wengi huzisahau. Ya kwanza ni ukubwa wa pakiti. Laini za PPPoE hubeba pakiti za baiti 1492 badala ya 1500 za kawaida. Kurasa ndogo hupita, kubwa hukwama. Pima:

```
ping -c 3 -M do -s 1472 1.1.1.1
ping -c 3 -M do -s 1464 1.1.1.1
```

Namba hizo ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500 na 1492. Ya kwanza ikikataa na ya pili ikipita, punguza: `nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" 802-11-wireless.mtu 1492`, kisha unganisha upya. Kwa waya, neno ni `802-3-ethernet.mtu`.

Ya pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, iliyofunguliwa nusu. Linganisha `ping -4 -c 4 wikipedia.org` na `ping -6 -c 4 wikipedia.org`. Ya pili ikikwama huku kompyuta ikiwa na anwani ya IPv6, izime kwa muunganisho huo tu: `nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" ipv6.method disabled`.

12. Kivinjari kinasema kila tovuti si salama.

Angalia saa. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2012 itavikataa vyote. Mashine kuukuu hupoteza saa kwa sababu betri ndogo ya ubao mama, aghalabu CR2032, imekufa, na umeme ukikatika kumbukumbu inafutika. Andika `timedatectl`, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`. Betri yenyewe inauzwa hadi kwenye maduka ya saa.

## Inakatika au inakwenda polepole

13. Wi-Fi inakatika kila baada ya dakika chache.

Fungua terminali nyingine uache `journalctl -f -u NetworkManager` ikiendelea, usubiri ikatike. Utaona ni kadi iliyojiondoa au ruta iliyoitoa.

Mshukiwa wa kwanza ni kubana umeme. `iw dev wlp2s0 get power_save` ikijibu `on`, fungua faili `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha `wifi.powersave = 3` iwe `2`, washa upya.

Mshukiwa wa pili ni kadi ya Realtek RTL8723BE, iliyofungwa kwenye laptopu nyingi za HP za bei nafuu. Baadhi zina antena moja tu, na draiva huchagua tundu lisilo na antena. Dalili ni mtandao kuonekana ukiwa karibu na ruta, kisha kupotea ukitoka chumbani. Dawa ni mstari mmoja ndani ya `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`:

```
options rtl8723be ant_sel=2
```

Washa upya, isipobadilika, weka 1. Nimeona watu wakinunua ruta mpya kwa tatizo hili.

14. Nalipia megabiti 20, mbona napakua kwa 2.5?

Kwa sababu 2.5 ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Unapata yote unayolipia.

Kama kweli ni chini ya hapo, pima kwa waya kwanza ili uitenge Wi-Fi. Kwa laini za kasi kubwa, `sudo ethtool enp3s0` (weka jina la kadi yako ya waya) inapaswa kuonyesha `Speed: 1000Mb/s`. Ikionyesha 100 wakati ruta na kadi zote zinaweza 1000, huenda waya una uzi uliokatika: kasi ya 1000 hutumia jozi zote nne, ya 100 hutosheka na mbili.

Kwa Wi-Fi, `nmcli device wifi list` inaonyesha majirani wako kwenye chaneli zipi. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 pekee, maana za katikati huingiliana na pande zote mbili.

15. Simu inaona mtandao wa 5G wa ruta, kompyuta haiuoni.

Hiyo ni 5 GHz, masafa ya Wi-Fi. Haihusiani na 5G ya minara ya simu. Laptopu nyingi za zamani zina kadi ya 2.4 GHz tu. Hakiki kwa `iw list`: usipoona masafa ya 5000 na kitu, kadi haina uwezo huo. Kama inao, ibadilishe ruta kwenda chaneli 36, maana za juu huzuiwa kulingana na nchi iliyowekwa kwenye kompyuta. `iw reg get` itakuonyesha nchi hiyo.

## Visa vya nadra

16. Kila kitu hapa kiko sawa, ila tovuti za nje zinakokota.

Huenda tatizo liko baharini. Sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki hupita kwenye nyaya za chini ya bahari kama Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ya 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo watu hufuta na kusakinisha upya Linux nzima bila sababu. Sakinisha `mtr`, inayoonyesha kila hatua ya njia, andika `mtr 1.1.1.1` kisha jina la tovuti unayoitaka: hatua za kwanza zikiwa milisekunde chache na za mbele zikaruka hadi mamia zikipoteza pakiti hadi mwisho, subiri tu.

17. Nataka kuifikia kompyuta ya nyumbani nikiwa mbali, ila haikubali.

Tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kwenye ukurasa wa ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya nje, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia. Omba anwani yako ya pekee, au tumia VPN inayoanzia ndani kwenda nje, mfano WireGuard kupitia seva ya kukodi.

18. Nimeshindwa kabisa. Nimpe nini anayenisaidia?

Majibu ya amri tano za swali la 1, ya `rfkill list`, ya `lspci -nnk | grep -iA3 net`, rangi za taa za ruta, na saa tatizo lilipoanza. Yaandike kama yalivyo, usiyafupishe, kwa sababu mstari unaouona hauna maana ndio mara nyingi wenye jibu. Kabla ya kutuma, futa anwani za MAC, ambazo ni jozi sita za herufi na namba zilizotenganishwa kwa nukta pacha, na usitume picha ya kibandiko cha chini ya ruta, kwa kuwa kina nywila yako.